Herufi Mbili Ubavuni

Wiki ya tatu sasa linalia,
gurudumu la mbele, kushoto,
kila nikikaribia mzunguko wa Wadi Kabir:
mlio mwembamba, wa kijiko kwenye sahani,
na wenye malori wanageuza shingo
wamwone mwanamke wa miaka arubaini na mbili
ndani ya gari la milango miwili, rangi ya ubuyu.

Biju amelipandisha jeki.
Ameichomoa pedi, kailaza kiganjani mwangu,
nyembamba kama biskuti iliyolambwa.
"Hii, bibie, imekwisha tangu Ramadhani."
Kiswahili chake kakiokota kwetu, wateja wake;
nati anazihesabu kwa Kimalayalam.

Duka la spea liko ng'ambo ya barabara.
Dadkarim hauzi kitu bila kukisifu.
Anayapanga maboksi juu ya kaunta kama karata:
la njano, la mashindano, "hili linang'ata hata diski ikiwa nyekundu";
la buluu, kauri, halina vumbi, halina sauti;
la kijivu, halina hata picha, riyali kumi na mbili,
na hilo analisukuma pembeni kwa kidole kimoja
kama anayemficha mkwe maskini.

Moyo wangu, sifichi, ulikwenda kwenye njano.
Riyali sitini na tano na baisa mia tano.
Nilishajiona nateremka mlima wa Amerat usiku,
kona ya tatu, mguu mzito,
taa za Maskati zimemwagika kule chini
kama mtu kapasua mkufu.

Biju akaigeuza pedi,
akaupangusa ubavu kwa mkono wa shati,
akanionyesha herufi mbili zilizogongwa humo.
Ya kwanza: inashika vipi ikiwa baridi.
Ya pili: inashika vipi ikishachemka.
"Hii ya mashindano, asubuhi bado imelala.
Unakanyaga, inakwambia: ngoja kwanza."

Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka.
Nimeishi miaka kumi na moja
na mtu wa herufi ya pili.
Nyumba ikiwaka, hodari:
mama alipoanguka, yeye ndiye aliyembeba ghorofa tatu;
wadi ulipofurika, yeye kiunoni majini, anavuta watu.
Lakini Jumanne, saa kumi na mbili na nusu asubuhi,
chai mezani, mtoto anatafuta soksi,
unakanyaga, unakanyaga,
hakuna kitu.
Hakuwa mtu mbaya. Alichelewa tu kushika.

Nikahesabu, palepale kaunta, mahali ninaposimama kweli:
geti la skuli ya Ruqaya;
mbuzi wa jirani, wasiojua zamu;
taa za Ruwi, moja baada ya moja;
yule mzee anayevuka kwenda Alfajiri
bila kutazama kulia wala kushoto,
kamkabidhi Mungu na mimi.
Na mlima wa Amerat? Naushuka gia ya pili,
nyuma ya lori la maji,
kilomita arubaini kwa saa.
Hayo ndiyo mashindano yangu.

"Buluu," nikasema.
Dadkarim akaguna, akapunguza riyali mbili kwa huzuni.
Shangazi Thuwaiba akapiga simu: "Umenunua nini tena?"
"Kitu cha kunisimamisha."
"Alhamdulillahi. Sisi tumeshindwa."

Pedi mpya hufundwa, kama mwari.
Saa tano usiku, barabara tupu, mchanga pembezoni:
kutoka themanini hadi ishirini, mara kumi,
bila kusimama kabisa, kasema Biju,
ukisimama zinaacha alama kwenye diski.
Ya saba ikaja harufu ya ukucha uliochomwa.
Ya kumi, nikafungua vioo vyote,
nikaliacha gari liende tu, lipoe lenyewe,
upepo wa moto ukinikausha jasho la shingo.

Asubuhi, getini, mpira ukaruka ukuta,
na nyuma ya mpira, mtoto.
Nikagusa.
Likasimama.
Mpira ukapita chini ya boneti, mtoto akaufuata,
mlinzi akaendelea kunywa chai yake.
Hakuna aliyegeuza shingo.

Boksi la njano, lakini, bado naliota.