Kodi ya Pumzi

Kwetu Chiloé, mtu akihama, nyumba ndiyo huhama.
Nilimwona bibi yangu amekaa kando ya njia
nyumba yake ikipita mbele yake juu ya magogo,
jozi kumi na moja za maksai, kamba zikilia,
wanaume wa kata nzima wakisukuma kwa mabega,
na pazia la jikoni bado likipepea dirishani.
Hakuna aliyemuuliza: mama, umechagua mtaa gani?

Sasa niko Santiago na ramani iliyokunjwa mara nane,
kalamu nyekundu, kazi mpya kwenye kliniki ya figo,
mume, Eliecer, aliyechoka tangu kituo cha basi,
na mtoto wa miaka saba mwenye pumu.
Jumamosi tatu tulitembea.
Kabla sijauliza bei, nilichomoa kipimo mkobani:
Puliza, Rayén. Puliza kwa nguvu.
Wenye nyumba walitazamana.

Pudahuel kulikuwa na vyumba viwili na ua,
mzabibu uliokwea mpaka juu ya paa,
bei ya kumfanya mtu acheke.
Lakini ilikuwa Juni. Moshi wa jiji zima ulishuka ukakaa pale
kama mashapo chini ya kikombe.
Mia moja na sabini.
"Wangu wanne wamekulia hapa," akasema Bwana Astudillo,
akakohoa, akageukia ukuta.

Ñuñoa, ghorofa ya kumi na tisa.
Wakala mwenye kucha za kijani alitufungulia chumba
ambacho kitanda kikiingia, mtu hutoka.
Dirishani, milima: myeupe, karibu, kama imelipiwa.
Mia mbili na thelathini.
Hapo ndipo nilipojua kwamba katika jiji hili hewa hupangishwa,
na kadiri unavyopanda kuelekea mlimani
ndivyo pumzi inavyopanda bei.
Walitaka hati tatu za mshahara na mdhamini.
Mdhamini!
Wote wanaonijua wako ng'ambo ya mkondo wa bahari,
na mali yao ni viazi.

"Kipimo hicho hakipimi mtaa," Eliecer alisema kwenye lifti.
"Kinapima mtoto aliyechoka."
Sikumjibu. Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi.

Puente Alto, mwisho wa reli.
Saa moja na dakika kumi hadi kliniki. Nilihesabu mara mbili,
nikaandika pembeni mwa ramani
hadithi ngapi za kulala zitaliwa na treni.
Mbwa watatu wasio na mwenyewe walitusindikiza toka stesheni.
Bi Hortensia Quilodrán, fundi cherehani mstaafu,
hakutaka hati. Alitutazama mabega.
"Mtungi wa gesi ni kilo kumi na tano," alisema,
"na goti langu halinisikii tena.
Nani kati yenu atanibebea?"
Eliecer akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

Mia mbili kasoro tano.
Heri nusu shari.

Leo watu wakiniuliza, nasema tulichagua.
Nasema shule, nasema stesheni,
nasema milima huonekana ikiwa jana yake mvua ilinyesha.
Sisemi kwamba mlango mmoja ulizibwa na moshi,
mmoja na karatasi,
na wa tatu ukafunguliwa na goti bovu.

Usiku wa kwanza tulilala juu ya godoro katikati ya maboksi.
Bi Hortensia aligonga ukuta: je, mna mablanketi?
Tunayo, nilipaza sauti, nikajisikia nimezungumza na nyumba.
Gizani Rayén alipuliza kipimo bila kuambiwa.
Hakunionyesha nambari.
Nje, mtu alikuwa akisukuma gari lililokataa kuwaka.
Eliecer akatafuta viatu vyake kwa kupapasa,
akatoka kwenda kuongeza bega.