Kikombe cha Bi Barke

Jumanne Nuru alipiga simu kutoka Malindi:
mkate wa sinia umemgomea tena,
katikati umedidimia kama mto uliolaliwa.
"Nimetia vikombe vitatu, kama alivyosema Mama."
Nikamuuliza, vikombe gani?
Akanyamaza. Hilo hakuwa amelifikiria.

Kikombe chetu, hapa Langoni, ni cha bati,
cheupe, mdomo wa buluu, sikio liling'oka
mwaka ule bibi alipokitupa kumfukuza paka.
Ubavuni kina bonyeo, na bonyeo lile
limekula unga wa miaka arubaini
bila mtu kulidai.
Cha Nuru ni cha plastiki, kina mistari,
kimesimama wima kama karani.

Basi nikaenda dukani kwa Shebwana
kununua mizani, ile bapa ya betri,
naye akanipimia bei bila huruma.

Mizani.
Marehemu baba akilitamka neno hili
vidole vyake vilianza kujikunja vyenyewe:
nane huku, nane huku,
ikizidi moja, ubeti mzima anaurudisha jikoni.
Mama hakuwahi kuhesabu kitu.
Mama huchota, hutikisa, husawazisha
kwa kidole cha shahada.
"Bismillahi. Kimoya."

Unga wa mchele, kikombe cha kwanza: 141.
Nikamwambia, rudia. 152.
Rudia. 158.
Unga ni ule ule, kikombe ni kile kile,
jikoni tumo wawili na nzi mmoja.
Lakini wa kwanza ulitoka chekechekeni sasa hivi,
bado una pumzi ndani;
wa pili ulikuwa umeshakaa kitako;
wa tatu niliugongagonga mezani mimi mwenyewe
kama mwuza pojo anayemwogopa Mungu.
Haba na haba hujaza kibaba, sawa,
ila haba moja ni gramu ngapi,
na ni nani aliyeishindilia?

"Chukua wa kati," akasema Mama,
"na mvua ikinyesha mwambie apunguze tui,
unga nao hunywa mai kwa siri."

Sukari haikutusumbua: 183, na 183 tena.
Tui zito, 212.
Hiliki akanikataza hata kuisogeza:
"Hiliki waiuliza pua."

Kisha akajaza unga kikombe cha mwisho, wa kuhakikisha,
na nambari ikakataa kutulia.
163. 171. 166. 169.
Kama mgeni anayetafuta mlango kichochoroni.
Nikadhani betri.
Kumbe Mama ameacha mkono juu ya ukingo,
na mkono unatetemeka.
Hatujawahi kulisema hilo, si yeye, si mimi.
Tumekuwa tukilaumu vikombe vya chai
kwamba siku hizi vinajazwa mno.

"Ondoa mkono, Mama."
"Mkono ndio unaopima, mwanangu."
Hata hivyo akauondoa, akaufuta lesoni.
152 barabara.
Hakuna aliyefurahi.

Nyuma ya kalenda, mwezi wa Rajabu, nikaandika:
unga, 152 mara tatu, 456.
Sukari, kikombe kimoja, 183.
Tui, viwili, 424.
Hamira, 5.
Nikapiga picha, nikamtumia Nuru,
naye akajibu kabla sijaweka simu chini:
Na chumvi je?

Mama alikuwa akiosha kikombe chake
kwa mikono yote miwili, polepole,
kama anayemwogesha mtoto wa watu.
"Chumvi ni hivi," akasema,
akabana vidole vitatu mkebeni, akaja navyo
hadi juu ya kioo cha mizani, akaviachia.
Tuliinama wote wawili kutazama.
Chembe zilikuwapo, nilizihesabu macho yangu,
na mizani ikasema sufuri.

Nikamwandikia Nuru:
Chumvi, sufuri.
Usisahau kuitia.