Sakafu ya Baba

Baba, leo tumeivunja sakafu yako.

Hukujua kwamba uliijenga.
Miaka thelathini na mmoja, kila Septemba,
plau ile ile, kina kile kile, sentimita ishirini na tano,
kwa kuwa daftari la ushirika lilisema ishirini na tano
nawe hukuwa mtu wa kubishana na daftari.
Juu ulilainisha.
Chini trekta ilishindilia, haba na haba,
mpaka udongo ukawa kigae,
na shayiri yako, isiyo na hamu ya mbali,
haikukuambia kitu.

Mwaloni si shayiri.
Mwaloni ukigonga kigae ukakosa mlango
huukunja mzizi wake kama mtu mrefu kwenye kitanda kifupi,
na siku upepo wa kweli utakapofika
utaulaza chini mzima mzima, na majani yake mabichi.
Hayo nimeyasoma. Nami nina daftari langu.

Nilichimba shimo kwanza, nihakikishe.
Koleo likazama vizuri, likazama,
kisha likasema: ng'o.
Nikapiga magoti, nikapitisha kidole kwenye ukuta wa shimo:
udongo mweusi, mizizi ya nyasi, nyungunyungu wawili,
halafu mstari wa kijivu
ulionyooka kama pindo lililopigwa pasi.
Ningeutambua popote. Hata uzio wako ulinyooka hivyo.

Aarne wa Kivistiku alikuja na trekta yenye jino moja refu.
Hakupenda.
"Shamba likiachiwa miti," alisema, "mwenyewe ameshindwa."
Akanionyesha mawe ya Babu pale ukingoni,
yale aliyoyang'oa kwa farasi na mnyororo,
yamejilaza kwenye kuvumwani kama ng'ombe wanaocheua.
Nilimmiminia kahawa. Akanywa yote, akapangusa mdomo,
akashusha jino.

Nilingoja kishindo. Hakikuja.
Ilikuwa sauti ya kitambaa kinachochanwa chumba cha pili.
Ardhi ikapanda, kiasi cha kiganja,
ikashuka taratibu nyuma ya gurudumu,
kama kifua cha aliyebana pumzi tangu ujana wake.

Mbolea sikutia. Yako imo bado, mifuko yote ile;
mche ukilishwa sana hurefuka kijinga
na kusahau kushuka.
Nilichokosa ni kitu ambacho mfuko haubebi:
nikaenda msitu wa zamani nyuma ya makaburi,
nikaomba kama mtu aombavyo chachu kwa jirani,
ndoo saba za udongo wenye kuvu, nyuzi nyeupe nyembamba,
harufu ya mkate na ya pishi la viazi.
Konzi moja kwa kila kijiti nilichochomeka.
Vijiti mia tisa. Mgongo wangu unavijua kwa idadi.
Miche itafika Aprili kutoka Tartu, ikiwa theluji itaruhusu.

Aarne aliondoka bila kuchukua pesa.
Alisema atazifuata. Hajazifuata.

Kuna jambo sikulifikiria, Baba.
Ile kona ya chini, karibu na barabara,
ambako maji yalituama tangu Oktoba,
na Desemba yakawa kioo,
ukatufunga viatu vya kutelezea, mimi na Külli,
fundo mara mbili, kwa vidole vyenye harufu ya dizeli,
ukatusukuma mgongoni: nendeni.
Nilidhani ni Mungu aliyeliweka dimbwi pale.
Kumbe ni wewe. Ni sakafu yako iliyotushikia maji
majira yote yale ya baridi.

Usiku wa jana mvua ilinyesha hadi alfajiri.
Asubuhi nilivaa buti nikashuka kwenye kona.
Hapakuwa na dimbwi. Udongo ulikuwa umeyanywa yote.
Nikasimama pale pale, katikati ya barafu yetu,
na ardhi ikanipokea polepole
hadi kwenye vifundo.