Gari Halivuti

Pandambili, jina lako linanikejeli,
mimi nimeshindwa kupanda hata moja.
Nakanyaga mafuta mpaka unyayo unagusa bati,
gari linaguna, linakohoa, linataka gia ya pili,
linataka ya kwanza,
na mkokoteni wa punda unanipita kwa adabu.

Nyuma, kreti arobaini za zabibu za Mpunguzi
zimeanza kutoka jasho.
Nyuki wameshapata habari zangu.

Nikageuza kurudi Kibaigwa.
Kwenye mteremko likaenda kama halijawahi kuugua,
kama mtoto aliyekesha na homa
halafu akacheka mlangoni mwa zahanati.

Mafundi watatu walikwisha kuniagua.
Wa Ipagala alisema plagi, nikanunua plagi nne.
Wa Chamwino alisema koili.
Wa tatu alitikisa kichwa tu,
kisha akataja bei.

Sechelela hakufungua boneti.
Alikaa juu ya tairi bovu nyuma ya soko la mahindi,
anatafuna karanga, anauliza kama karani wa sensa:
— Asubuhi linawaka?
— Mara moja.
— Sailensa?
— Imetulia, hutaisikia.
— Tambarare?
— Hamsini. Sitini, siku ya bahati.
— Ukiongeza?
— Hapo ndipo linaponinyima.
Akapangusa maganda mapajani.
— Basi moto upo. Hili lina kiu.

Akatoa chupa ya maji ya nusu lita,
kizibo kimetobolewa, mpira mwembamba umepita.
Akatia petroli, akaitundika kwa waya kwenye boneti,
akachomoa mpira wa tangi,
akachomeka wake kwenye kabureta.
Dripu kama hii niliiona hospitali ya mkoa,
juu ya kitanda cha mdogo wangu Chilongani,
nikahesabu matone hadi alfajiri.
Sikujua kwamba hata gari hutundikiwa.

— Kanyaga.
Nikakanyaga.
Likanguruma kuku wakaruka,
mama lishe akafunika sufuria,
sauti niliyokuwa nimeisahau
ikatoka nzima, haina hata kovu.
— Umesikia? Injini haina kosa. Njia ndiyo imeziba.

Chujio lilijificha chini, ubavuni mwa chesisi,
dogo, sawa na nusu ya gunzi.
Akaliweka mdomoni akapuliza, mashavu yakatuna;
nikakinga kiganja upande wa pili:
hakuna upepo.
Akaligonga juu ya jiwe. Likatema tope jekundu,
kutu, na mchanga uleule
ninaoukung'uta viatuni kila jioni.

— Bibi yangu alichuja chumvi kule Bahi, akasema.
Udongo ndani ya kichujio, maji juu, chungu chini.
Tone likichelewa hakuyatukana maji,
wala hakwenda kuchochea moto.
Alichokonoa kichujio.

Halafu, bila kuniangalia:
— Mafuta unanunua wapi?

Nikazitazama zabibu.
Kuna kijana, madumu ya njano, kando ya barabara,
kila lita pungufu ya shilingi mia tatu.
Nikapiga hesabu: mia tatu mara lita zote za mwaka,
toa plagi, toa koili, toa yule mtikisa kichwa.
Hesabu nayo ikakataa mlima.

Alifunga chujio jipya, akadai elfu kumi na tano,
akachuma zabibu moja, akatema mbegu:
— Hizi zimeshaanza kuwa mvinyo. Wahi.
Na tangi likaoshwe. Hata hili jipya litashiba,
njoo kabla ya mvua.

Lile kuukuu nimeliweka mbele ya usukani.
Linanuka. Limemeza uchafu wangu wote, bei rahisi yangu yote,
mpaka likakosa pa kupumulia,
nami muda wote huo nilikuwa naitukana injini.

Pandambili tena. Gia ya tatu, haijanisaliti.
Nyuki wachache bado wananifuata.
Nikaukuta mkokoteni karibu na kilele,
punda ameinamisha masikio.
Sikupiga honi.
Nilimpita kwa adabu.