Mita Tisa

Jumatano ni siku ya wazee hapa Pongwe.
Foleni yao ni ya fimbo: kila anayechoka kusimama
huiacha yake ukutani imshikie zamu,
naye akaenda kuketi barazani.

Mimi nina fomu mpya ya kurasa mbili,
kiti cha mbao kisicho na mikono,
na mizani inayoongopa kilo moja. Naijua, naitoa.

Wa saba: Mhina Semkiwa,
miaka sabini na tisa kwa kadi,
themanini na mbili kwa dada yake.

Nampa maneno matatu aniwekee:
ndoo, jogoo, barua.
Anayarudia polepole, kama anayehesabu chenji.
"Nitakudai baadaye."
"Nidai. Mimi si mtu wa kukimbia madeni."

Nasimama nyuma yake, nanong'ona tarakimu.
Tatu. Nane. Moja.
Anatazama bango la chandarua
kwa adabu ya mtu anayesubiri tuanze.
Namzungukia, napaza sauti: tangu lini?
"Korona," anasema. "Korona ndiyo iliyonila masikio."

Chausiku wa mapokezi keshaandika:
*aliwahi kuugua korona.*
Simlaumu. Amezaliwa mashine zimeshanyamaza.
Futa, mwanangu. Korona ni kinu cha kuchakata mkonge;
miaka thelathini na mmoja huyu alikilisha majani,
nacho kikimfokea mchana kutwa.

Simama, keti, mara tano, mikono kifuani.
Ya kwanza, sawa.
Ya pili, magoti yakasema.
Ya tatu akanitazama kama niliyemtukana mbele za watu.
Ya nne hatukuihesabu.

Kilo sita zimekwenda tangu kiangazi.
Ulimi mkavu. Presha inashuka akiinuka.
Mkono wangu ulishaanza kuandika vitamini,
zile tunazogawa tusipojua la kufanya,
ila chini kabisa fomu ina swali
ambalo siku nyingine nalivuka, fimbo zikiwa nyingi:
*Ni jambo gani umeacha kulifanya?*

Nililiuliza mara mbili, mdomo karibu na sikio.

"Maji," akasema. "Toka alasiri sinywi.
Na chakula cha usiku nimekiacha,
maana chakula huita maji,
maji huita choo,
na choo kiko ng'ambo ya uwanja,
na uwanjani hakuna cha kushika.
Mwezi wa Rajabu nilianguka. Nikalala pale pale
mpaka nikaona taa ya msikiti imewaka.
Sikumwambia mtu. Wangeniwekea ndoo chumbani,
na wa kuimwaga ni mkwe wangu.
Bora kiu."

Kutoka mlangoni ni hatua ngapi?
"Hatua sijui, siku hizi zinabadilika.
Ni mita tisa."

Palipoandikwa DAWA nikaandika:
kamba ya mkonge, unene wa kidole gumba, mita tisa,
ifungwe toka mlango hadi choo, usawa wa kiuno.
Nguzo mbili. Taa.
Maji bilauri mbili baada ya magharibi, bila woga.

Mfamasia akairudisha: hii stoo hatuna.
Nikamwambia najua, wewe ipige mhuri.
Kwa mkwe, neno la mzee ni lalama;
lenye mhuri ni la daktari.

Amefika mlangoni ndipo nikakumbuka deni.
Mzee, maneno yangu!

"Ndoo," akasema.
"Jogoo."
Fimbo yake ikakuna sakafu, ikakuna tena.
"Na la tatu ni kile kitu
ambacho Athumani hajaniletea
tangu ahamie Mtwara."

Fomu inataka neno lenyewe, tiki au mkato.
Nje, fimbo ya nane imeiangukia ya tisa
na wenyewe wameanza kugombana.
"Sista Nakiete," Chausiku ananiuliza, kalamu juu,
"tuandike mbili, au tatu?"