Upande Uliolika

Tulikiita kisu cha baba.
Kilikaa kwenye kopo la maziwa ya unga
pamoja na risiti za pamba na kifungo kimoja cha koti,
kimejikunja kama jongoo aliyeguswa.

Kutu ilikuwa imekibana. Nikakilaza kwenye mafuta ya taa
usiku kucha, asubuhi nikakipeleka Makoroboi
kwa Lugwisha, anayenoa visu vya wachuuzi wa sangara
kwa baiskeli isiyokwenda popote.

Hakukanyaga pedali.
"Hiki si cha gurudumu. Kitaungua."
Akakifungua polepole, springi ikalia, ka!
Mpini wa pembe ya ng'ombe. Misumari mitatu ya shaba,
mmoja umeng'oka, pakazibwa kwa waya.
Chapa ya kiwanda imefutika.
Akakigeuza juani, akapitisha kidole ubapani,
akarudia,
kisha akauliza:
"Mwenyewe alikuwa wa shoto?"

Hapana. Baba alichinja, alipunga, alichapa
kwa mkono wa kulia.

"Basi hakikuwa chake. Tazama upande uliolika."

Mama.
Mama aliyekula kwa kulia, aliyesalimia kwa kulia,
ambaye bibi alimfunga kitambaa kiganjani
mpaka akakoma. Ndivyo tulivyoambiwa.
Na usiku kule Igombe, tukiwa tumelala,
aliketi nje akiziba nyavu za watu, taa ameipunguza,
na asubuhi vipande vya uzi vilijaa mlangoni.
Tulivifagia. Hatukuuliza vimekatwa na nini,
wala na mkono upi.

Lugwisha alinipa kinoo, pesa akakataa.
"Maji, usitie mafuta. Uinue mgongo wake
kwa unene wa sarafu mbili.
Upande huu mara kumi, ule mara nne tu.
Usivisawazishe. Ukivisawazisha
utamfuta mwenyewe."

Sasa nimekaa juu ya jabali nyuma ya nyumba, Igogo,
ziwa liko chini, rangi ya sufuria.
Mkono wangu wa kulia haukijui kisu hiki.
Kinateleza, kinakwaruza, kinalalamika.
Nikakihamishia kushoto,
mkono mzembe, usiojua hata kufunga kamba ya kiatu.

Kumi. Nne.
Kumi. Nne.
Tope jeusi likatiririka hadi kwenye kifundo.

Nikavuta uzi wa nyavu, niujaribu.
Sikuwa nimeukaza bado.
Ukakatika.