NTIRUHUN.GWA

Kasulu, nyuma ya duka la daftari na gundi,
sidii mia mbili tupu zimepangwa kwenye kijiti chao
kama chapati za shughuli iliyoahirishwa.
Umeme umerudi saa tano. Tunao mpaka watakapoukata.

Jerida anataka umbizo jipya:
majina marefu, herufi ndogo,
faili moja nono ipitayo gigabaiti nne.
"Tunagawa mfumo huria," anasema,
"halafu tuufunge kwa kamba ya mwaka themanini na nane?"

Ana hoja. Ila mimi naifikiria kompyuta ya Heru Juu,
ile waliyoiacha mapadri, kibodi haina N.
Wiki jana niliilisha diski ya Jerida:
ikazungusha, ikakohoa, ikaitema.
Nikaipa ya zamani, ya tisa sita sita sifuri,
ikasoma kama bibi na kitabu cha sala,
polepole, herufi kubwa tupu, bila kuruka mstari.

Umbizo la zamani lina adabu kali.
Herufi nane, nukta, tatu. Basi.
Ndivyo alivyokuwa karani aliyeniandikisha darasa la kwanza:
akatazama jina langu, akatazama kisanduku,
akakata.
Miaka saba nikaitwa Ntiru.
Babu akasema, hilo si jina tu, ni sentensi,
*kifo hakikimbiwi*,
na karani wenu amekimbia katikati.

Leo nimelihesabu kwa kidole juu ya meza.
NTIRUHUN, nukta, GWA.
Limeenea. Haikubaki nje hata herufi moja.
Nikacheka hadi Jerida akauliza nina nini.

Hakuna aliyeshinda. Majina tumeyaandika mara mbili
kwenye diski ileile: mafupi kwa mashine ya Heru Juu,
marefu kwa yeyote mwenye jicho la kuyaona.
Faili nono tumeipasua vipande viwili. Jerida kanuna
mpaka chai.

Sasa mashine inachoma.
Kwa kalamu ya wino mzito naandika juu ya kila moja:
NAKILI, MPE MWENZIO.
Ya thelathini na moja imeungua bure, taa zilipopepesa.
Jerida kaichukua, kaandika jina langu lote
kwa herufi ndogo,
kaitundika dirishani itishie shore.

Asilimia tisini na moja.
Tisini na mbili.
Wewe umeme, usithubutu.